Jaji Dumalagan na Ndiyo ya Mjomba

Seven Hills, Sydney
19 Aprili 2020

Kwako Mjomba Térence,

Pokea salamu kutoka huku ambako majani yanapukutika na watu wamefungiwa ndani. Sisi ni wazima. Kwizera na mkewe wako Penrith na watoto wao. Ndugu yangu bado anapanda treni saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, na siku hizi anakaa peke yake behewa zima, anasema amekuwa waziri. Watoto niliwasomea barua yako ya Krismasi kwa simu. Walisikiliza mpaka mwisho, wakasema "Thank you, Aunty," wakarudi kwenye michezo yao. Walielewa, usihuzunike. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama Yvette, yule mbuzi wake mweusi bado anakula nguo za watu?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mjomba, kaa kitako. Nataka kuolewa. Jina lake ni Bisimwa, Mkongo, mzaliwa wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Milima ya kwao unaiona kila asubuhi ukifungua dirisha. Anaendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja hapa Seven Hills. Anasali, hanywi kupita kiasi, na ananichekesha hata nikiwa nimetoka kazini nimechoka hoi. Marehemu Mama alipokuwa anatuaga kule kambi ya wakimbizi alinishika mkono akasema nisimkubali mwanamume bila neno lako, nami niliitikia mbele ya watu. Kwa hiyo Bisimwa hawezi kuniambia twende, wala mimi siwezi kumwambia haya. Nangoja neno lako tu.

Tena lina muda wake. Kampuni yao inafungua ghala Melbourne, na wanamtaka akawe msimamizi kule katikati ya mwaka ujao. Anasema ataenda na mke, au ataenda peke yake na asitegemewe kurudi. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana niliogopa.

Ungenipigia simu ingekuwa rahisi, lakini najua msimamo wako: simu ni ya misiba na ya kusema tumefika salama, ndoa ni ya karatasi ili mtu asije akakana maneno yake. Haya, nimenunua karatasi.

Habari nyingine ndogo. Ejensi ninayofanyia kazi imenipa mzee wa kumtunza nyumbani kwake, hapa hapa mtaani. Ni Mfilipino, miaka themanini na sita, anaitwa Jaji Telesforo Dumalagan. Kwao alikuwa mwanasiasa, kisha jaji wa Mahakama ya Juu. Anaishi na binti yake Nenita, nesi wa hospitali, hajaolewa. Mikono ya mzee inatetemeka, kwa hiyo kila siku baada ya uji ananiamuru nishike kalamu, ananisimulia maisha yake yawe kitabu. Jana alinihukumu kwa ajili ya mkate: umeungua upande mmoja, lakini sikukusudia, nimeachiwa kwa onyo.

Mpwa wako,
Anésie Irankunda


Rumonge
7 Juni 2020

Mwanangu Anésie,

Barua yako imefika jana, bahasha imechakaa kama iliyotembea kwa miguu. Tunamshukuru Mungu tuko hai. Mihogo ni mizuri. Mbuzi mweusi amezaa mapacha na bado anakula nguo. Binti zangu Yvette na Emérance wako salama kwa waume zao, nadhani, maana hawaandiki. Mgongo wangu usiuulize.

Sasa tuongee. Mtoto wewe una nini kichwani? Jaji wa Mahakama ya Juu yuko mikononi mwako, unampikia uji, halafu unaandika "habari nyingine ndogo"? Mimi nimeshika fimbo ya ushingantahe miaka ishirini na sita. Watu wa mlima huu wakigombania mpaka wa shamba wanakuja kwangu. Ng'ombe akila mahindi ya jirani, kwangu. Mke akirudi kwao na sufuria zote, kwangu. Nagonga fimbo chini, nasikiliza, naamua. Lakini katika maisha yangu sijapata kuketi na mtu wa kazi hii aliyefika juu kabisa, na leo damu yangu inamfuta mdomo!

Nataka kujua kila kitu. Alianzaje? Nani alimpa fimbo, au huko kwao hawatumii fimbo? Je, mtu mwenye kesi anaweza kumsimamisha njiani, au ni wa ofisini tu? Majaji wakitofautiana, nani anasema mwisho? Andika kwa kirefu, wala usibane mwandiko, macho yangu si ya zamani.

Mama Yvette anakusalimu. Anasema uvae soksi.

Kuhusu yule kijana, jambo nimelipokea. Liko mezani. Si la kukurupukia.

Mjomba wako,
Térence Habonimana, mshingantahe


Seven Hills
2 Agosti 2020

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imekaa njiani wiki saba. Ndege ni chache. Huku baridi kali, mwambie Mama Yvette soksi nimevaa jozi mbili. Kwizera alikohoa siku moja tukapima wote, hakuna kitu, ilikuwa vumbi la kazini kwake.

Mistari ya mwisho ya barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko yote. Liko mezani. Meza gani, Mjomba? Hata hivyo nimeamua kukutii kwanza, kisha nikuombe.

Jaji alizaliwa kijiji cha kando ya mto. Baba yake alikuwa mgema. Kila asubuhi mzee yule anapanda minazi kugema tembo, mtoto yuko chini anamsomea gazeti lililofungiwa samaki, kwa kupiga kelele, ili habari zifike juu. Ndiyo maana hadi leo akiomba chumvi jirani wanasikia. Alisomea sheria huku anapiga taipu mahakamani. Akagombea udiwani, akaahidi daraja. Akashinda, na daraja akalijenga kweli, la zege, siku ya kulifungua wakachinja nguruwe watatu.

Mwaka uliofuata kikaja kimbunga, na mto ukahama. Nasema ukahama, Mjomba! Ukajichimbia njia nyingine kule mbali, daraja likabaki limesimama juu ya nchi kavu. Wapinzani wake walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini akina mama wa sokoni waliona kivuli. Wakahamishia soko lao chini ya daraja, jua haliwapati, mvua haiwapati, na uchaguzi uliofuata wakampa umeya. Mzee akilisimulia hilo anaweka kijiko chini, anasubiri nicheke. Nisipocheka anarudia.

Baadaye akaenda bungeni, miaka minane. Kuna siku alihutubia saa sita mfululizo juu ya bei ya nazi. Waliompinga wakalala usingizi wa kukoroma, kura ikaitwa, wengi hawakuamka, muswada ukapita.

Nimeandika kwa kirefu kama ulivyotaka. Sasa nawe nifanyie hisani. Bisimwa ananiuliza kila Jumapili, "Mjomba amesema nini?" nami namwambia habari za mihogo. Tafadhali.

Anésie


Rumonge
20 Septemba 2020

Mwanangu,

Salamu ni nyingi. Mvua za kwanza zimeanza. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Yvette alituma ujumbe kwenye simu ya mama yake, herufi nne na picha ya ua. Hiyo si barua.

Ule mto! Nililisimulia jambo hilo kwenye baraza letu Jumamosi, nikidhani ni la kuchekesha, kumbe nimewasha moto. Nusu ya wazee wakasema diwani hana kosa, mto ndio umevunja ahadi. Nusu nyingine wakasema mtu anayeahidi daraja anaahidi na mto. Tulikaa siku tatu. Siku ya pili mtu mmoja alivua kofia akaitupa chini. Bado hatujafikia uamuzi. Hebu muulize Jaji kisheria inakuwaje, na unijibu upesi, watu wananisubiri.

Na baada ya bunge ikawaje? Usiniambie alistaafu akaenda kulima.

Kuhusu yule kijana, haiwezekani nikasema neno juu ya mtu nisiyejua hata mwandiko wake. Mtu hujulikana kwa mwandiko. Aniandikie barua kwa mkono wake, aeleze ukoo wa baba na wa mama, na kwa nini watu wa ng'ambo wanakula samaki wadogo na vichwa vyao. Nikishaipata nitatazama.

Mama Yvette anataka kukuambia kitu lakini karatasi imekwisha.

Térence Habonimana


Seven Hills
8 Novemba 2020

Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima, Kwizera ni mzima, watoto ni wazima, soksi ninazo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Bisimwa. Kurasa tatu, mwandiko wake, ukoo wa baba mpaka babu wa nne. Aliiandika wakati wa chakula juu ya boksi, ndiyo maana mistari inapanda. Kuhusu vichwa vya samaki anasema ndiko kuna utamu.

Jaji amejibu swali la baraza: diwani hana kosa, lakini alipaswa kwenda kuuomba mto msamaha.

Baada ya bunge aligombea useneta. Kwao hiyo ni ngazi kubwa, nchi nzima inapiga kura, na viti vilikuwa kumi na viwili. Usiku na mchana alizunguka visiwani, akapoteza sauti, akapoteza viatu, akapanda ngalawa, akapanda nyati, maana kwao wanawafuga. Kura zikahesabiwa siku nyingi. Matokeo yakatangazwa redioni, yeye na familia wameketi, na jina lake likasomwa kuwa ni la

Hapana. Mjomba, naishia hapo.

Umenisikia vizuri. Tangu Aprili nakuomba neno moja, wewe unaniuliza ya mito. Yaliyobaki ninayo kwenye daftari, na ni mazuri kuliko ya daraja, nakuhakikishia. Utayapata siku utakaponijibu. Ukikataa, kataa, niandikie hapana, nitalia nitanyamaza. Lakini jibu.

Na si wazo langu, nisikudanganye. Nilimsomea Jaji barua zako zote, nikimtafsiria. Alicheka mpaka Nenita akaja mbio. Akasema: "Huyu mjomba wako hakatai. Huyu anachelewesha. Nimeishi na wanasiasa, namjua mtu anayechelewesha hata kwa mgongo wake. Mnyime hadithi." Tukacheka wote. Halafu ghafla akaacha kucheka, akaniambia anataka kulala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Sijui nini kilimpata. Nenita alimfunika blanketi.

Anésie


Rumonge
17 Januari 2021

Anésie,

Heri ya mwaka mpya, ingawa hustahili.

Wa ngapi? Jina lake lilisomwa la ngapi? Unamwachaje mtu mzima na sentensi isiyo na mwisho! Nimepita Noeli nzima na jambo hilo kifuani. Wazee wananiuliza, nawaambia posta imechelewa, nadanganya kwa ajili yako, mimi niliyekula kiapo cha ukweli.

Nakukumbusha nani alikubeba mgongoni kutoka Rumonge mpaka kivukoni mwaka ule wa vita. Nani alipanga foleni ya unga kambini. Sasa mpwa ananiwekea masharti! Mwambie huyo Jaji kwamba nilimheshimu.

Barua ya kijana nimeiona. Mwandiko si mbaya. Mistari inapanda. Jambo bado liko mezani, wala sitashurutishwa.

Habonimana

Mwanangu Anésie, ni mimi Mama Yvette. Amenipa barua niitie gundi ndipo napata nafasi. Usimkasirikie. Mwezi wa tatu mwaka jana alianguka kwenye baiskeli ya abiria, meno manne ya mbele yakabaki barabarani. Akisema "s" inatoka filimbi. Ameagiza ya bandia Bujumbura hayajaja. Anajua ukiposwa ni yeye wa kusimama na kusema maneno mbele ya watu, na unajua alivyokuwa akisema, watu wakitoka Bururi kuja kumsikia tu. Anaona haya. Barazani siku hizi anagonga fimbo tu na kutikisa kichwa. Barua ya kijana wako anaisoma kila jioni na anacheka pale pa samaki. Vaa soksi.


Seven Hills
14 Machi 2021

Mjomba wangu,

Shikamoo, kwa moyo wote safari hii. Mama Yvette ameniandikia, usimgombeze, nimeshukuru. Meno? Mwaka mzima wa maisha yangu uko mezani kwa ajili ya meno manne? Nimecheka, halafu nikakukumbuka umesimama kwenye harusi ya Yvette, watu kimya, mpaka watoto kimya, nikalia jikoni kwa watu. Sikujua. Ungeniambia.

Adhabu naifuta. Alikuwa wa kumi na tatu. Viti kumi na viwili, yeye wa kumi na tatu! Anasema mpaka leo akiona dazeni ya mayai anasikia vibaya. Baadaye aliteuliwa Mahakama ya Juu. Yeye anasema ni kwa elimu yake, Nenita anasema ni ili asigombee tena. Kule wako majaji kumi na watano, wanapiga kura, wengi ndio wanasema mwisho. Karibu kila kesi ilikuwa kumi na wanne upande ule na Dumalagan upande huu. Aliandika sababu za kupinga mpaka mpiga taipu wake akaomba uhamisho.

Juzi nilimuuliza kama kuna kesi anayoijutia. Akaniambia nifunge daftari. Nikafunga. Ndipo akaongea, kwa sauti ndogo, yeye wa kupiga kelele.

Mwaka ule wa useneta, kijana mmoja alikuja kwao na wazazi wake, wamebeba masinia ya chakula, kama sisi tunavyobeba vibuyu vya pombe. Anaitwa Rodel, fundi wa mashine za meli. Walikuja kumposa Nenita, ana miaka ishirini na saba. Jaji aliwapokea vizuri, akala, akasema jambo amelipokea na atalijibu baada ya uchaguzi. Uchaguzi akashindwa, hakutaka kuona mtu. Kisha akawa jaji, akasema jaji hakurupuki. Rodel anakuja kila Jumamosi kupasua kuni na kuziba paa, maana kwao mposaji huwatumikia wakwe. Miaka miwili, Mjomba. Paa la jaji halikuvuja hata tone. Halafu siku moja akapanda meli akaenda zake, na Nenita akaomba kazi huku Australia.

"Sikumkataa," mzee akaniambia. Akarudia. "Anésie, mimi sikumkataa kamwe." Nenita yuko jikoni wakati huo anamkatia papai. Ana miaka hamsini na tatu. Hajamlaumu baba yake hata kwa neno moja, na mzee anasema afadhali angelaumu.

Mjomba, tarehe ya Bisimwa ni mwisho wa Juni. Usiponijibu ataondoka, na mimi nitabaki na ahadi niliyompa Mama. Sitakukosea adabu. Nitakuandikia kila mwezi, barua nzuri, za mihogo na hali ya hewa, wala sitakulaumu mpaka uzeeke. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Anésie wako


Rumonge
9 Mei 2021

Mwanangu Anésie,

Barua hii ikifika utakuwa umeshajua, maana leo asubuhi nimekupigia simu, mimi niliyesema simu ni ya misiba. Ulilia sana, sikuelewa kama umenisikia au umenisikia vibaya. Kwa hiyo naandika, na Mama Yvette na wazee watatu wa baraza wametia vidole gumba hapo chini: NDIYO. Nimemkubali Bisimwa wa Baraka. Tafuta msemaji wa upande wake, tupange siku, tuposane na kuozana kimila siku hiyo hiyo kwenye simu yenye picha. Nitasema mwenyewe, na filimbi yangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Mama Yvette halijui, na yeye anajidhania anajua yote. Meno ni kweli. Lakini hata yangekuwepo yote thelathini na mawili ningechelewesha. Yvette alipoolewa aliacha kuandika. Emérance akaacha. Siwalaumu, wana nyumba zao. Wewe ulianza kuniomba neno, na kila nilipokunyima, barua ikaja nyingine, ndefu, nzuri, nakaa nayo mlangoni majuma mawili. Nikajiambia nikisema ndiyo leo, kesho nitasoma nini? Ndivyo nilivyokuwekea maisha yako mezani. Niliposoma habari za yule binti na papai lake nilitoka nje nikatembea mpaka ziwani na kurudi. Nisamehe, mwanangu. Nilikubeba mgongoni ili ufike, si ili nikushike mguu.

Mwambie mwenzangu Jaji neno moja kutoka kwangu: kesi ambayo jaji wake yuko hai na mwenye kesi yuko jikoni, hiyo haijafungwa.

Mjomba wako,
Térence


Seven Hills
27 Juni 2021

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo wewe na Mama Yvette. Tangu jana tumefungiwa tena, Sydney nzima, virusi vimerudi. Kwizera ni waziri tena kwenye treni yake. Tuliwahi kwa wiki mbili tu! Ungengoja meno, tungekuwa tunaoana kwa ishara dirishani.

Mengi uliyaona mwenyewe, lakini uliyaona kwenye simu ya Yvette, kwenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo nakusimulia yaliyokuwa upande wetu, nyumbani kwa Kwizera. Jaji aliposikia Bisimwa hana mzee wa kumsemea huku, alisimama kwenye fremu yake ya kutembelea akasema hiyo kesi ni yake. Nenita akamtolea shati lake jeupe la tarizi la enzi za bunge. Alikesha akimwandikisha Nenita hoja, kurasa kumi na moja. Kosa langu ni hili: nilimweleza habari za vibuyu, za fimbo, za salamu, nikasahau kumwambia kwamba kwetu msemaji wa mwanamke lazima kwanza akane.

Basi uliposimama na barakoa yako usoni, wewe peke yako uliyevaa nyumba nzima, ukasema, "Wageni wetu mmepotea, hapa hatuna msichana wa jina hilo, huyo aliolewa zamani akavuka milima," sisi wote tukatabasamu tukisubiri jibu la Jaji. Mzee akamgeukia Kwizera amtafsirie, mimi nachungulia mlangoni. Akamtafsiria. Akakunja karatasi zake zote kumi na moja, polepole, akasema: "Shahidi anasema msichana hayupo. Pasipo msichana hakuna kesi. Tunaiomba radhi familia kwa usumbufu." Akaanza kuelekea mlangoni! Bisimwa akapiga magoti mbele ya fremu yake. Kwizera anapiga kelele, "Mzee, rudi, ni mila!" watoto wake wanapiga kelele, "It's pretend! It's pretend!" na mimi mwenyewe, bibi harusi niliyepaswa kufichwa mpaka niitwe, nikatoka chumbani na rola za nywele kichwani, nikasema, "Nipo! Nipo hapa!" Mliyoyasikia kule mkadhani ni mtandao umekatika, ni hayo.

Halafu ukavua barakoa. Hukulazimika, Mjomba. Hata ungesema ndiyo nyuma ya kitambaa tungeipokea. Ulivua mbele ya watu wote wa huku na wa huko, ukafungua kinywa, tukaona pengo lote, ukasema unanitoa kwa Bisimwa kwa ridhaa yako na kwa niaba ya dada yako, na filimbi ikalia kwenye kila neno lake. Hakuna aliyecheka. Jaji aliniuliza ni nini umesema, nami sikuweza kutafsiri, akasema basi, ameelewa.

Barua yako safari hii ilifika kwa wiki tatu tu, na ujumbe wako nilimpa wiki ile ile. Kila siku baada ya uji aliniomba nimsomee tena. Jioni ya posa, wageni wamekwisha kula, alimwita Nenita akamwambia aweke sinia chini. Akasema, kwa ile sauti ya mnazini: "Nina hukumu ya kusoma. Imechelewa miaka ishirini na sita. Rodel alistahili ndiyo, nami nilikaa nayo. Kosa ni langu peke yangu." Nenita akasema, "Nimekusikia, Papa," akaokota sinia akaingia jikoni. Nikamfuata. Alikuwa amelishikilia sinki kwa mikono miwili, analia kwa nguvu. Tulikumbatiana muda mrefu. Alipomaliza alinawa uso, akaniambia kwa miaka yote hiyo alidhani baba yake amesahau hata jina la Rodel. Jumatatu iliyofuata aligombana na mzee kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale, juu ya dawa zake, sauti zinasikika mpaka barabarani. Mzee alifurahi mchana kutwa.

Na Melbourne, Mjomba? Imeahirishwa. Mipaka imefungwa, ghala halifunguliwi mpaka haijulikani lini. Msimamizi wetu yuko hapa anakaanga samaki wadogo na vichwa vyao.

Sasa nimekuwa mke wa mtu, wiki ya pili. Nimeketi, nimeandika kurasa nne mbele na nyuma, wala sina neno la kukuomba.

Nangoja barua yako.

Anésie